Jeneza la Baba na Bega Nililolificha

Nimekosa, jamani. Nilimwangusha baba yangu chini, akiwa ndani ya jeneza, kwaya ikiimba.

Jina langu liacheni, ingawa watu wa kwetu Nkoaranga wameshanijua kwenye mstari huo wa kwanza.

Niliwahi kuichezea timu ya taifa ya raga. Kama huijui raga, hauko peke yako. Kijijini mpaka leo wanaiita mpira wa yai. Baba alikuja kunitazama mara moja tu, mjini Arusha. Alikaa mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa wale waliokulalia, mna ugomvi gani nao?"

Lakini alijivuna! Kila mgeni akifika nyumbani, naitwa nisimame aone mwili. "Huyu ndiye atakayenibeba siku yangu ikifika," anasema baba. "Atakaa mbele."

Nami nacheka. Mjinga mimi!

Kosa lilianzia kwenye mechi moja ya ugenini. Bega la kulia lilichomoka, mwenzangu akalirudisha nyuma ya choo cha uwanja, nikamwambia kocha niko fiti. Jezi ya taifa ukiivua, kuna mtu anaisubiri. Likachomoka tena na tena, mpaka nikajua kulirudisha mwenyewe.

Nilipostaafu nilisema nimepata kazi, na kweli nilipata. Nasimamia walinzi kwenye hoteli moja Usa River. Wezi wananiogopa sana. Hawajui kwamba mkono wangu haufiki kwenye sikio.

Mama hakujua. Hata mdogo wangu hakujua, na yeye kubeba ndiyo kazi yake: alikuwa mpagazi wa watalii Mlima Meru.

Basi baba akafariki. Mvua ilikuwa imenyesha, gari la maiti likaishia barabarani, na njia ya kwetu inashuka vibaya katikati ya migomba. Baba mdogo akaanza kupanga wabebaji. Mimi hakuniuliza. Alininyooshea kidole tu, mbele, upande wa kushoto.

"Wewe umechezea taifa. Kaa pale."

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu, Mungu wangu! Lakini waombolezaji wote walikuwa wananitazama, kama wale wageni wa baba. Nikaingiza bega, lile lile la kulia.

Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu. Akaninong'oneza, "Kaka, mbona unatetemeka?"

"Uchungu," nikamwambia. Haukuwa uongo kabisa.

Tulipofika penye mteremko uzito wote ukaja mbele. Bega likachomoka, ile sauti naifahamu. Jeneza likatangulia kichwa. Mdogo wangu akaruka kulizuia, likatua juu ya mguu wake.

Kifuniko hakikufunguka, namshukuru Mungu. Mguu ulivunjika. Kwaya iliimba ubeti mmoja zaidi, maana wa nyuma hawakuwa wameona.

Tulimzika baba. Mguu wa mdogo wangu ulipona, lakini mzigo wa mlimani hauuwezi tena. Nilimtafutia kazi ya ulinzi pale pale hotelini. Ananiita bosi. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na afadhali angenitukana!

Mimi misibani siku hizi napewa kazi ya kupanga viti. Vya plastiki.

Msiba ulipokwisha nilimweleza mama kila kitu, tangu bega la kwanza. Alikuwa anachambua maharage.

"Ungesema, mwanangu," akasema. "Msalaba wa kaburi ulikosa mtu wa kuubeba, tukampa shangazi yako na magoti yake yale. Ungeubeba wewe. Si msalaba ndio hutangulia mbele ya jeneza? Ungekuwa mbele, kama baba yako alivyotaka."

Nililia. Mwili wote huu, nikalia juu ya ungo wa maharage, mpaka mama akausogeza.

Ndugu zangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kilichoniumbua kilikuwa kilio cha baba yangu mzazi, na aliyelipa ni mdogo wangu. Kama una mahali panapouma, sema kabla hujapangwa mbele. Na ndugu yako akikuuliza mbona unatetemeka, mjibu.