Bibi Harusi na Maji ya Chumvi

Ukiitaja kazi ya mwanamke huyu mbele za watu, hucheka kwanza ndipo waulize. Anakojolesha panya. Ndiyo, hivyo hivyo ulivyosikia. Mama mkwe wake alipoambiwa mara ya kwanza alishika kiuno.

"Yaani chuo kizima kile, na maghorofa yake yote, wewe wamekuita ukakojoleshe panya?"

"Wenyewe hawawezi, mama."

"Na wanakojolea wapi? Mapajani mwako?"

"Kwenye karatasi, mama. Wakiwahi, kwenye mkono wangu."

Mama mkwe akaangua kicheko, na mtoto aliyekuwa mgongoni naye akacheka, kwa kuwa wakubwa wamecheka.

Shule yake iliishia darasa la saba. Amefua nguo za watu, amefagia ofisi, amepiga deki korido za chuo hicho mpaka magoti yakaota sugu. Kisha mtafiti mmoja mwanamke, ambaye wote humwita Dokta, akaja kuwaangalia wafanya usafi mikono. Hakutaka cheti. Alimtazama huyu akimfunga mtoto mgongoni baada ya kazi, akasema, "Nataka mkono wa namna hiyo. Wanafunzi wangu wanabinya kama wanakamua ndimu."

Panya wa Dokta ni wagonjwa wa mgongo. Hulazwa usingizi kwa dawa, wakaumizwa mshipa mkuu wa fahamu, ule upitao ndani ya uti wa mgongo kupeleka habari za mwili. Wakiamka, miguu ya nyuma imekufa ganzi na kibofu hakifunguki. Mtu asipowasaidia watakufa kwa mkojo wao wenyewe. Kwa hiyo asubuhi, mchana na jioni yeye humpakata kila mmoja, akatafuta kibofu kwa kidole gumba chini ya tumbo, kikiwa kigumu kama kokwa, akakibembeleza mpaka kilainike. Huwawekea chakula chini wakifikie. Huwapapasa ngozi, pekundu panapoanzia kidonda pasimponyoke.

Baadhi yao walidungwa seli changa zilizokuzwa maabara, pale pale penye jeraha, ionekane kama zitasaidia mshipa kujiunga. Wengine walidungwa maji ya chumvi tu, wawe wa kulinganishia. Nani kapata nini, alijua mtu mmoja: daktari wa wanyama, mzee mwembamba waliyemwita Babu Sindano. Hata Dokta hakujua.

"Kwa nini mfichane wenyewe kwa wenyewe?" aliwahi kuuliza.

"Moyo ukijua, jicho linapendelea," Dokta akamjibu. Akalielewa hilo vizuri, maana ana mtoto, na mtoto wake ni mzuri kuliko wote mtaani.

Miongoni mwa panya hao palikuwa na jike mmoja mweupe aliyeburuta sehemu ya nyuma kwa madaha, kama bibi harusi na gauni lake refu. Akambandika jina hilo hilo, Bibi Harusi.

Sasa, nyumbani kwake, chumba cha mbele, alilala kaka yake. Mtoto wa kwanza wa mama yao, fundi wa kuezeka, mtu aliyekuwa akitembea juu ya kenchi za paa kama wewe unavyotembea barazani. Siku moja ubao ulimsaliti, akaanguka kwa mgongo. Tangu hapo miguu haikumjibu tena. Hospitali walimpa kiti cha magurudumu, nacho kilisimama pembeni, kimetundikwa mashati na nepi za mtoto.

Mdogo mtu alimtunza kaka yake kwa yale aliyojifunza kwa panya. Kumgeuza. Kumkagua ngozi. Kuulizia mkojo bila aibu. "Umeniweka kundi moja na panya wako," kaka alilalamika, lakini hakuwa na kidonda hata kimoja mwilini, na muuguzi aliyepita kumwona alimsifu.

Na kila jioni alimsimulia habari za Bibi Harusi. Leo kafanyaje, leo kagoma kula. Hata ikafika siku alipokuja mbio na mtoto akirukaruka mgongoni.

"Kaka! Amekanyaga!"

"Nani?"

"Bibi Harusi! Wamemweka kwenye lile karai lao kubwa la kumwangalia anavyotembea. Ameuinua mguu wa nyuma, ameuweka unyayo chini, amekwenda. Upande upande kama mlevi, lakini amekwenda!"

Kaka akajiinua kwa viwiko. "Huyo kapata zile seli."

"Hatuambiwi."

"Mdogo wangu, unadhani chumvi inatembeza mtu?"

Kuanzia siku ile, kabla ya salamu ni Bibi Harusi. Mwanzoni dada alifurahi kumwona kaka ana uso mkunjufu tena. Baadaye akaanza kuona mengine. Kaka aliacha kunyanyua yale matofali ya kujazia mikono nguvu. Alipoletewa kiti aligeukia ukutani.

"Nikizoee cha nini? Nasubiri zamu yangu."

Rafiki yake wa tangu utotoni, fundi baiskeli wa kona ya pili, alikuwa amemtengea kazi: kunyoosha magurudumu na kukaza spoki, kazi ya mikono na jicho, isiyohitaji mguu. Alishakata miguu ya meza ilingane na kiti. Akaja kumbembeleza.

"Meza inakungoja, bwana. Imekuwa fupi, hata kuku wanaipanda."

"Nitakuja kwa miguu yangu."

"Sawa. Lakini kuna jamaa ananisumbua kila siku anataka nafasi, ana familia. Nitakushikia mpaka Jumatatu. Nikizidisha hapo nitakuwa namdhulumu yeye."

Alipoondoka, mdogo mtu alibaki jikoni na sufuria mkononi, maji yamechemka mpaka yanakauka. Alijua mlango huo umefungwa na nani. Si ubao, si mgongo. Ni hadithi zake mwenyewe za jioni.

Kesho yake alimuuliza Dokta watu wataanza lini kupewa zile seli. Dokta alivua miwani, akasugua macho.

"Sijui, mdogo wangu. Panya ni panya. Kati yake na kaka yako kuna njia ndefu, na huenda tusifike. Atakayekwambia anajua tarehe, mkimbie."

Ijumaa ilikuwa siku ya Babu Sindano kufungua kinywa. Walikusanyika wote, hata yeye aliitwa, akasimama karibu na mlango na harufu ya sabuni mikononi. Babu Sindano akataja kizimba baada ya kizimba. Waliopata seli, wakichukuliwa wote pamoja, walikuwa wamewapita wenzao. Si sana. Kidogo, lakini kidogo kinachoonekana, na Dokta alipiga kofi moja kisha akaziba mdomo kama msichana.

Kisha wakafika kwa Bibi Harusi.

"Huyu," Babu Sindano akasema, "maji ya chumvi."

Aliyesimama mlangoni akasogea mbele. "Lakini alitembea!"

"Alitembea," Dokta akasema taratibu. "Jeraha lake halikukata kila kitu. Kilichobaki kilijifunza kazi, na wewe ulimweka hai akapata muda wa kujifunza. Hutokea. Ndiyo maana hatumwamini panya mmoja, tunauliza kundi."

Kazi ya Bibi Harusi ilikuwa imebaki ya mwisho: alazwe usingizi usio na kuamka, mshipa wake ukatazamwe. Mlezi wake akaomba ampakate yeye. Akamsugua nyuma ya masikio mpaka mwili ukawa mzito kiganjani.

"Ahsante, bibi," akamwambia. "Umefanya kazi."

Siku hiyo hakuja mbio. Kaka alimwona tangu mlangoni.

"Kafa?"

"Kalazwa. Ndivyo ilivyopangwa kwa wote." Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweka mtoto chini. "Kaka, hakupata seli. Alipata chumvi."

Mtoto akawa anavuta shuka, hakuna aliyemzuia. Kisha kitanda kikaanza kutikisika. Alidhani kaka analia, na kweli machozi yalikuwepo, lakini mtu alikuwa anacheka, kashika mbavu.

"Yaani mimi nimejifungia humu nasubiri zamu ya kudungwa chumvi! Si ningelamba tu kule jikoni!"

"Nisamehe. Mimi ndiye niliyekutia maneno."

"Nyamaza." Alijifuta uso kwa shuka. "Na wale wa seli? Zimewafaa?"

"Kidogo. Kwa kundi lao, kidogo."

"Kidogo si haba. Mwambie Dokta wako asiache. Ila mimi kumsubiri nimelala, siwezi." Akatazama pembeni, kilipo kiti. "Toa nepi zako kwenye gari langu."

Jumatatu asubuhi alimsukuma kaka yake kwenye barabara yenye mashimo, mtoto kapakatwa mbele kwenye mapaja yasiyohisi uzito wake, anapiga kelele kila wakiruka shimo. Kaka alikuwa anatokwa jasho, mikono imelegea kwa uvivu wa siku zote zile, na anatukana kila jiwe kwa jina lake.

Fundi baiskeli alikuwa ameshafungua. Aliwafukuza kuku mezani, akashika kiuno.

"Si ulisema utakuja kwa miguu?"

"Nimeazima ya mdogo wangu," kaka akasema. "Leta gurudumu."

Akampa lililopinda kuliko yote. Kaka akalizungusha mbele ya jicho, akafumba moja, akatafuta kwa kidole gumba spoki iliyolegea. Dada yake akatazama kidole kile kikitafuta taratibu, bila kubinya, akakifahamu. Kisha akamrudisha mtoto mgongoni, akakaza kanga, akaenda kazini, maana panya wapya walikuwa wameshaamka na vibofu vimejaa. Njia nzima alikuwa anashukuru kwa sauti ndogo, na aliyepishana naye alidhani anamwimbia mtoto.