Parachichi Nililompa Kokatuu

Mdogo wangu, muuguzi anayeishi Pearland, mji jirani na kwangu huku ughaibuni, aliposafiri kwenda Kenya kwa wiki tatu aliniachia kokatuu wake, kasuku mweupe mwenye kishungi kinachosimama anapofurahi au kuogopa. Alinieleza kwamba huko Australia wanakotoka, ndege hao huruka kwa mamia na kushuka mashambani hadi wakulima huwafukuza. Nilicheka. Nilipoacha shule darasa la sita, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufukuza ndege kwenye mtama wa watu, na leo naletewa mmoja nimlee.

"Huyu hana kundi, Dada," alisema. "Kundi lake ni mimi."

Siku ya tatu nikaelewa. Ndege aligoma kula. Alijinyonyoa manyoya ya kifuani, moja moja, mpaka ngozi ikaonekana. Mbegu alizimwaga, tufaha akalitupa. Niliimba, nikanyamaza, nikamfunika shuka, nikamfunua.

Mama alipofariki, mwaka mmoja baada ya baba, mdogo wangu huyo alikuwa hajamaliza kuota meno, naye aligoma hivyo hivyo. Kilichomnusuru ni parachichi lililopondwa, nikimlambisha kwa ncha ya kidole. Basi nikaenda dukani hapa mtaani kwangu, Alief, nikachagua lililoiva vizuri, nikaliponda. Kokatuu alilamba kidole. Akala tena, na tena, kishungi kikasimama. Nikarekodi video, nikamtumia mdogo wangu kwa fahari.

Alinipigia papo hapo, akauliza ni nini kile kidoleni. Nilipomjibu alisema kwa sauti yake ya kazini, "Dada, parachichi ni sumu kwao. Mtie kwenye sanduku lake la safari umkimbize kwa daktari wa ndege sasa hivi."

Alikuwa ameniandikia kila anachokula ndege wake. Asichokula hakuandika, kwa kuwa hakudhani ningeongeza changu.

Sijui nilivyoendesha gari. Daktari wa ndege alisema sumu hiyo haina dawa. Angemweka tu ndani ya sanduku la kioo lenye oksijeni, tungoje. Kokatuu alikaa chini, amejitutumua, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi.

Mdogo wangu alipiga tena. Akaomba nisogeze simu kwenye kioo ndege asikie sauti yake. Daktari akakataa: ndege akisisimka, hata kwa furaha, pumzi haitamtosha. Nikamweleza, akasema sawa, ila hakukata simu. Nikaketi nayo mapajani, yeye kule usiku, mimi huku mchana. Nimelea watoto wanne na sijawahi kukaa karibu na mgonjwa bila hata cha kumpanguza.

Alasiri ndege akalala ubavu. Daktari akafungua sanduku, akamgusa kifua, akanitazama na kutikisa kichwa.

Mdogo wangu aliusikia mlango wa sanduku. Akadhani sasa ameruhusiwa kumsemesha, akaanza kumwita ndege wake polepole, akimbembeleza, akimwambia bado wiki mbili tu anarudi. Nami nilishika simu, nisijue nimkatize vipi.