Pembe ya Mkeka

Mimi kukaa siwezi. Mwaka jana tu, nikiwa mtu mzima na wanangu, daktari wa mjini Tabora ndiye aliyeniambia kwamba akili yangu imeumbwa hivyo, si ukaidi wala kukosa malezi. Nilitoka pale nacheka, halafu nikalia barabarani. Miaka yote hiyo naitwa mapepe, jamani.

Basi mama akafariki, kwetu Usoke. Msibani kwetu mfiwa wa kike hukaa mkekani, miguu ameinyoosha, hagusi kazi mpaka mwili utoke. Kupika na kuchota maji ni kwa wengine. Asubuhi ya maziko mwenzenu nikajikuta bandani, nafunga tumbaku ya mama kwenye fito, maana ilishavunwa na inanyauka. Hata sikujua nimeinukaje. Wanawake wakaniona, neno likazunguka: binti mkubwa hana hata chozi, anawaza mavuno.

Mama mdogo, anayemfuata mama kuzaliwa, akanivuta pembeni. Hakupandisha sauti.

"Ukiinuka tena kabla ya jeneza, makaburini huendi. Utabaki hapa na masufuria."

Nikakaa. Nyie mnaoweza kukaa hamjui mmejaliwa nini. Kwaya ya Kimoraviani ikaimba, watu wakaingia kwa zamu kunipa mkono na pole, na mimi mapaja yanawasha, shingo inawasha. Mama yangu nilimlilia, kweli nilimlilia, ila kilio changu kilitaka kutembea. Hivi nani aliamua kwamba huzuni lazima ikae chini? Nikawachukia wote waliotulia, hata watoto.

Ili nisiinuke nikapeleka vidole kwenye pembe ya mkeka, nifumue ukindu kidogo. Nikakuta pameshafumuliwa. Ulikuwa mkeka wa mama, ule aliokwenda nao kila msiba kijijini, hataki kukalia mwingine. Ile pembe siku zote alisema imeliwa na panya. Panya gani huyo anayefumua ukindu mmoja mmoja, akausuka tena, akaufumua tena?

Hasira ikanipanda kuliko kilio. Mama huyu huyu aliyekuwa akinifinya kanisani, tulia, mbona wenzako wametulia. Kumbe na yeye. Si angeniambia basi, hata mara moja tu.

Nilipoinua macho, mama mdogo alikuwa anavitazama vidole vyangu. Nikangoja anifukuze. Akasogea mpaka bega lake likanigusa, akavua kanga yake ya begani, akaitandaza juu ya mkono wangu watu wasione.

"Na yeye nilikuwa namfunika hivi hivi," akasema.

Nikaendelea kufumua palepale alipoishia mama, mpaka jeneza likainuliwa, nikasimama kumfuata.