Tulivyomwezulia Mzee Chilumba

Nianze kwa kukiri, maana nisipokiri mwenyewe mtaambiwa na wengine na wao wataongeza chumvi: mimi ndiye yule mama wa Mtama aliyewaongoza Wakristo wenzake kwenda kubomoa paa la mtu asiyewakosea kitu, mchana kweupe, kwa jina la Yesu. Ndiyo, ni mimi. Sokoni wananiita Mama Ezua, na nikipita kwenye kijiwe cha bodaboda utasikia, "Jamani, shikilieni mabati yenu, huyo anapita!" Naitika, nacheka, napita. Aibu niliipata, sikatai, ila ngoja niwasimulie yote ndipo mcheke, msinicheke nusunusu.

Jumuiya yetu ina desturi ya kuwatembelea wenye shida kila Kwaresima, na desturi yenyewe ni ile mnayoijua: sukari, sabuni ya mche, sala fupi, picha ya pamoja (mwenye shida katikati, kashikishwa sabuni), halafu huyoo tunarudi zetu. Mwaka ule nikasema hapana. Nilisimama kwenye sala ya jumuiya nikawaambia, "Bibi Somoe wa Nyangamara analala amekaa kwenye kona moja ya nyumba kwa sababu kona nyingine zote zinavuja, sasa sisi tunampelekea sabuni ya nini, aogee mvua?" Bibi Somoe ni mjane, Mwislamu, watoto wake wote wametangulia mbele ya haki, na habari zake nilizipata kwa katekista wetu, Festo, ambaye kwao ni hukohuko Nyangamara. Mwenyekiti, Mzee Bonifasi, akakohoa kile kikohozi chake cha kuahirisha mambo, akasema kuezeka ni kazi ya mafundi. Nikamjibu, "Na Bwana wetu alikuwa nani, karani?" Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile, nawaambia ukweli, ndicho kilichonipandisha kichwa.

Tukachangishana makuti. Wenye ndugu upande wa Mingoyo, kwenye minazi, wakaagiza, wengine wakaleta kamba, wengine fito, mpaka ukajaa mzigo wa kutosha nyumba moja ndogo. Jumamosi asubuhi tukapanda kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mume wangu Baba Adelina akiwa kama fundi mkuu (yeye anajua kuezeka kweli), vijana wa kwaya, na sisi akina mama na masufuria yetu. Festo akatufuata kwa pikipiki, maana ndiye aliyeijua nyumba. Tulipofika Nyangamara simu ikaita. Ni Festo, kapata pancha njiani.

"Nisubirini hapo kwenye mashine ya kusaga," akasema. "Nyumba iko nyuma yake tu, lakini nisubirini."

Hilo neno "lakini" nililisikia vizuri kabisa. Ila jua lilikuwa linapanda, vijana wameanza kula miwa, na nyuma ya mashine pale nikaiona nyumba ya makuti yaliyooza mpaka yameota majani, paa limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Nikawaambia wenzangu, "Tusubiri nini? Nyumba inayovuja inahitaji utambulisho?" Basi ndiyo hivyo. Mlima mzima wa aibu yangu ulianzia kwenye maneno hayo.

Tulikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Baba Adelina akasita, akasema tuulizie kwanza. Nikamwambia bibi atakuwa ameenda zahanati, tumshtukize, arudi akute paa jipya alie kwa furaha. Mimi mwenyewe nikapanda juu (nilivaa suruali ya mume wangu chini ya kanga, kwa sababu za heshima), tukaanza kuezua huku tukiimba, vumbi linaruka, nge wanadondoka, akina mama chini wanapiga vigelegele. Dada mmoja akapita na ndoo kichwani, akatuangalia, akasema, "Hongereni kwa kazi!" nasi tukamjibu, "Ahsante, mama, ni kwa utukufu wa Mungu!" Makuti yalipotoka tukachungulia ndani. Tukaona godoro jipya, bado lina nailoni yake, na viti vya plastiki vimepangwa vizuri kwa mstari. Mtu mwenye akili angejiuliza mjane fukara kayatoa wapi hayo. Mimi nikasema, "Mungu ni mwema, kuna watu wametutangulia."

Paa lilikuwa limebaki mifupa mitupu aliposhuka mzee mmoja kwenye bodaboda, kanzu safi, kofia, mikononi ana mfuko wa mchele na kuku wawili waliofungwa miguu. Akasimama. Akaangalia nyumba, akaangalia mbingu kupitia nyumba, akatuangalia sisi. Kuku wakamponyoka.

"Shikamoo, mzee," nikamsalimu kutoka juu.

Hakuitikia marahaba. Akasema polepole, "Mama, unafanya nini juu ya nyumba yangu?"

"Nyumba yako? Si ya Bibi Somoe?"

"La haula! Somoe anakaa kule!" akanyoosha kidole upande wa pili, nyuma ya migomba. Na wakati huohuo ndiyo Festo anaingia anasukuma pikipiki yake, jasho linamtoka, anauliza mbele ya kila mtu, "Mama Adelina, mbona mmeezua kwa Mzee Chilumba?"

Kumbe alasiri ile Mzee Chilumba alikuwa anapokea ugeni. Watu wa posa ya binti yake walikuwa wanatoka Lindi mjini. Binti na shangazi zake walikuwa nyumba ya jirani wanasubiri mchele na kuku, waliposikia nyimbo na vigelegele walidhani mzee kaita mafundi kwa ajili ya wageni. Hata yule dada wa ndoo alidhani hivyohivyo. Mzee akakaa chini ya kuta zake na kofia yake mkononi, na mimi nikashuka nikapiga magoti mbele yake kuomba radhi, nikitegemea matusi. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu, na hilo ndilo lililonichoma.

"Mmepita nyumba zote za hapa, mkaangalia, mkaona fukara ni mimi?"

Niliinamisha kichwa, jamani. Mimi ninayewajibu wenyeviti! Maana nilijua anachosema. Sikuvunja makuti tu pale, nilimvua nguo mzee wa watu mbele ya kijiji chake, siku ambayo alitaka wakwe wamwone ni mtu. Na mawingu nayo yakaanza kujikusanya upande wa Lindi, meusi tii.

Makuti ya zamani yalikuwa yamevunjikavunjika, hayarudi. Mapya yalikuwa ya nyumba moja. Vijana wakaanza kubishana, mmoja anasema yale makuti ni sadaka ya watu kwa ajili ya mjane, hayawezi kubadilishwa, mwingine anasema tuondoke kabla kijiji hakijajaa. Nikasema hatuondoki. Katikati ya makelele hayo akaja bibi mdogo wa mwili, mweusi, na fimbo yake, anatembea kwa kupumzika, na Festo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huyo sasa ndiye Bibi Somoe.

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hayo makuti ni yangu?"

"Ni yako, bibi."

"Nimepewa kabisa?"

"Kabisa."

"Basi muezekeeni Chilumba. Mtoto ana wageni. Mimi mvua tumezoeana."

Mzee Chilumba akainuka akakataa, bibi akamwambia, "Nyamaza, we mtoto, nimekubeba mgongoni," na mzee mwenye mvi zake akanyamaza.

Tuliezeka siku ile kama watu wanaokimbiza nyoka. Mzee mwenyewe akavua kanzu akawa anarusha makuti juu. Akina mama wakakamata kuku na mchele (na masufuria yetu yakapata kazi), na kipande cha mwisho kilikuwa kimebaki, sehemu ya kupitisha kichwa tu, gari la wageni liliposimama. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na ile nafasi. Nikaona wazee wenye makoti wanashuka, nikataka kuteremka haraka nisionekane, kanga ikanasa kwenye ufito, nikaivuta, na pau moja ya zamani iliyokuwa imeliwa na mchwa ikasema ka! Nikapita. Kanga ikabaki juu inapepea kama bendera, mimi nikatua chali kwenye lile godoro jipya, kwenye nailoni yake, kwa mlio ambao sitauelezea hapa. Mlango ulikuwa wazi. Mshenga alikuwa kizingitini, ndiyo kwanza anasema "Hodi," na mimi nimelala kitandani kwa baba mkwe na suruali ya kiume, nywele zimejaa makuti.

Kwa kukosa akili nikaitikia, "Karibuni."

Halafu yule mshenga, mzee mnene mwenye sauti nzito, akainua macho akaiona kanga yangu, akamwona mume wangu anachungulia tunduni, akageuka akaona wanakwaya na rozari zao shingoni, wamejaa vumbi, akamwambia Mzee Chilumba, "Masha'Allah. Wakristo wa wapi hawa wanakuezekea?"

Nikafumba macho nikisubiri.

"Wa Mtama," akasema Mzee Chilumba. "Ni watu wangu."

Posa ikapokelewa. Mvua ilishuka kabla hatujafika nyumbani, na nililia njia nzima ndani ya kirikuu nikimfikiria Bibi Somoe na kona yake. Kesho yake Festo akanipigia: bibi hakulala kwake. Mzee Chilumba alimfuata na mwavuli akamleta chini ya yale makuti, akampa lile godoro, na akakaa hapo mpaka kwake kulipoezekwa.

Maana kuliezekwa, msidhani. Jumapili hiyo Mzee Bonifasi alisimama baada ya misa, akasema huduma za kupanda mapaa zimelidhalilisha kanisa, tangu sasa tuwe tunatoa bahasha tu. Watu wakaitikia kwa vichwa, wengine wananitazama wanabana vicheko. Nikasimama. Nikasema, "Aliyekosea ni mimi, kwa kiburi changu cha kutosubiri. Msiisingizie huduma. Bahasha haiwezi kuangukia kitandani kwa mtu, ni kweli, lakini pia haiwezi kuziba tundu. Na nawaambia, mjane Mwislamu asiye na paa ametoa makuti yake yote bila kukohoa, sisi tunaofundishwa Injili kila wiki tunaogopa kuchekwa? Mimi narudi Nyangamara. Asiyetaka abaki na heshima yake."

Walionifuata hawakuwa wengi. Lakini tulirudi, na makuti mapya, na Mzee Chilumba ndiye aliyepanda juu ya nyumba ya Bibi Somoe pamoja na Baba Adelina. Mimi nilipokamata ngazi alinikazia macho akasema, "Wewe, mama, kapike." Nikaenda kupika. Hatujawa marafiki wa kutembeleana, nisiwadanganye, ila nikimpa shikamoo sasa anaitikia.

Nimejifunza. Sitagusa tena hata jani la nyumba ya mtu kabla sijapiga hodi, nikamjua jina, nikamuuliza kama anataka, maana mtu anaweza kukosa paa na bado akawa na uso wake wa kulinda. Hilo nimeapa. Lakini kukaa chini na mikono mapajani kwa kuogopa vicheko, hilo hapana, hata nianguke tena mara ngapi. Kwaresima hii tunamchimbia choo mzee mmoja Mingoyo, tumeshaongea naye, ametuonyesha mwenyewe pa kuchimba. Anayetaka kunicheka nimemkaribisha sana, aje mapema, ila aje na jembe lake.