Fundi Anayeitafuta Sauti Ndani ya Kompyuta Mbili

Saa tatu asubuhi, jua linapenya pazia la chumba cha mwisho kwenye korido ya kliniki ya koo na usemi. Fundi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, ameshika sidii kwa ncha za vidole, anaigeuzageuza kwenye mwanga. Rangi za upinde wa mvua zinatambaa ukutani, zinapanda kabati la faili, zinatua kwenye shati la mzee aliyeketi kimya. Ni kana kwamba chumba kizima kimezama chini ya maji.

"Imeanza kupauka pembeni, baba," anasema fundi. "Hii haina siku nyingi."

Mzee hajibu. Hawezi. Alikuwa seremala, na miaka kumi na mmoja iliyopita upasuaji wa koo uliichukua sauti yake. Majuma mawili kabla ya kisu, mtaalamu wa usemi alimketisha mbele ya kipaza sauti akamsomesha maneno mia nne, moja moja. Sauti yake yote iliyobaki duniani imo kwenye sidii hiyo. Mjukuu wake wa miaka sita hajawahi kuisikia.

"Hatukurekodi kitu kingine," anasema mkewe kutoka kiti cha mlangoni. "Zama hizo simu yetu ilikuwa ya tochi."

Wafanyakazi wenzake humwita fundi huyu Bibi Visahani, kwa sababu ya sidii mia mbili na kumi na nne za sauti za wagonjwa alizozikuta mwezi uliopita, kabati lilipohamishwa. Aliajiriwa hapo kliniki kama mpiga chapa. Ufundi amejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya maelekezo alivyovisoma wakati wa chakula cha mchana. Mshahara wake hadi leo ni wa mpiga chapa.

Programu iliyorekodi maneno ya wagonjwa haifanyi kazi kwenye kompyuta za siku hizi. Za zamani zimekufa zote. Kwa hiyo miaka minne iliyopita, ili kufungua majalada ya zamani, Bibi Visahani aliunda kompyuta ndani ya kompyuta. Mafundi huiita mashine pepe.

"Mimi naiona kama mtu aliyelala," anaeleza. "Anaota ana kibodi, anaota ana kioo, anaota ana mahali pa kuwekea sidii. Ila anachokiota lazima sisi wa nje tumpe."

Na sidii ndiyo imekataa kuingia ndotoni. Kompyuta ya nje inaiona vizuri. Ya ndani inajibu kila mara: diski inayotakiwa haipo. Siku tatu sasa. Amefuta lenzi, amebadili waya, ameazima kisomeo kingine cha sidii kutoka ofisi ya mhasibu. Jibu ni lile lile.

"Usijisumbue sana, mwanangu," anasema mke wa mzee. "Miaka kumi na mmoja nimeishi kwa amani. Sasa mnataka kunirudishia mgomvi wangu."

Mzee anatikisika mabega kwa kicheko kisicho na sauti. Anaandika kwenye kijidaftari na kumwonyesha: *Subiri tu. Nina maneno mia nne.*

Wanacheka, lakini macho ya fundi hayabanduki kwenye ule mpauko. Anaitoa tena sidii aifute. Trei ya kisomeo imebaki nje kama ulimi. Kwenye kioo, bila kukusudia, anabonyeza alama ya diski ya kompyuta ya ndani, na orodha ya mafaili inajitokeza.

Mzee anagonga meza kwa kifundo cha kidole. Anaandika haraka: *Inasoma nini? Sidii si unayo mkononi?*

Bibi Visahani anaitazama trei tupu. Anaitazama orodha. Kisha anajipiga paji la uso.

"Ole wangu! Nimemnyima mwenyewe nafasi!"

Ilikuwa hivi. Siku alipoiunda kompyuta ya ndani, aliizindua kwa diski isiyoshikika, nakala tu iliyohifadhiwa kama faili. Akasahau kuitoa, ikabaki imeshika mahali pa sidii. Kwa miaka minne kompyuta ile imekuwa ikiitazama diski iliyozaliwa nayo, na kila alipoiuliza kuhusu sidii ya mzee, ilitazama palepale.

"Nilikuwa nafukuza waya, kumbe kosa ni langu," anasema.

Anafungua mipangilio. Anaiondoa ile nakala, anachagua kisomeo halisi. Anarudisha sidii. Upesi kompyuta ya nje inaifungulia kicheza muziki na kuing'ang'ania. "Wewe nawe, achia," anaikemea, anakifunga kicheza muziki. Sidii inazunguka, inanguruma, inatulia.

Orodha mpya inatokea. Mia nne kamili.

Mke wa mzee amekwenda koridoni kutafuta maji ya kunywa. Fundi anabonyeza neno la kwanza linalomjia machoni.

"Mama," inasema sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo, ya mwanamume asiye na haraka.

"Abee!" anaitika mkewe kutoka koridoni.

Kisha nyayo, na mama yule amesimama mlangoni, glasi mkononi, akimtazama mumewe ambaye midomo yake haijafumbuka. Hakuna anayemwambia aketi. Anaketi mwenyewe.

Kabla ya adhuhuri maneno yote yamenakiliwa mahali salama pawili. Sidii mia mbili na kumi na tatu zimebaki, na Bibi Visahani ameomba uongozi wa kliniki umruhusu kuipigia simu kila familia, tano kwa siku, kabla hazijapauka zote. Jibu bado.

Lakini Jumamosi mjukuu anakuja. Mzee amemchagulia maneno manne kutoka kwenye orodha: njoo, kaa, hapa, mtoto. Kazi ya fundi wiki hii ni kuyaunganisha.

"Maneno ninayo," anasema. "Kinachonishinda ni ule ukimya wa katikati. Kila nikiupima naona si yeye."

Mke wa mzee anavuta kiti karibu na kioo.

"Baada ya 'njoo' ngoja kidogo," anamwelekeza. "Ongeza. Ongeza tena. Alikuwa anampangusia mtu kiti kwanza."