Kikapu cha Vitambaa Mlangoni

Mzee wetu wa maombi alikuwa amelishupalia suala la wanawake wa Irani. Kila Jumapili, katika kanisa letu la katikati ya Johannesburg, juu ya duka la jumla la mablanketi, alilia machozi kabisa: ati wanafunikwa vichwa kwa nguvu, ati Mungu awafungue. Nikamwambia nafundisha na mmoja wao chuoni kule Braamfontein. Alifurahi huyo!

"Mlete, dada. Aje atueleze mwenyewe."

Nikamleta. Mwenzangu alikubali kuja kwa ajili ya mdogo wake tu, aliyefukuzwa chuo huko kwao kwa kukataa kufunika nywele. Alitaka aombewe kwa jina lake, basi.

Mlangoni petu kuna kikapu cha vitambaa vya wageni. Mwanamke haingii kichwa wazi, tumezoea. Mama wa Kikongo anayepokea watu akachagua cha zambarau, akamnyooshea kwa mikono miwili. Mwenzangu akakitazama, akanitazama na mimi. Akasema hapana, kwa upole.

Mzee akaitwa. Akaja na Biblia kwapani.

"Dada, mweleze mgeni. Kwao ni serikali inawalazimisha. Hapa ni heshima tu."

"Na asipovaa?"

"Asipovaa hataingia."

Eish! Na hakupepesa hata jicho, mwanamume mzima na upara wake wazi unang'aa! Nikamwambia haoni haya. Akanijibu nisilete siasa za chuo nyumbani mwa Bwana, akarudi ndani, mlango ukafungwa.

Tukabaki kwenye ngazi. Mara kipaza sauti kikaanza. Sauti ile ile, kilio kile kile, na kanisa zima likiitikia amina.

"Anasema nini?" mwenzangu akauliza.

Nikamtafsiria neno kwa neno: anamwomba Mungu awavue vitambaa wanawake wa Irani.

Alicheka mpaka akaketi. Alicheka, jamani, halafu kicheko kikageuka kilio, akawa analitaja jina la mdogo wake, lile ambalo hakuna hata mmoja mle ndani aliyeliuliza.

Nikakaa kando yake. Nikafungua kitambaa changu kichwani, nikampa ajifute machozi. Kisha tukamwombea yule msichana kwa jina lake, pale pale kwenye ngazi, vichwa wazi.