Vinanda vya Santuri na Mnazi wa Kitovu

Nilipokuwa mdogo sana, kila harusi ya Bagamoyo ilitaka kinanda cha santuri. Waliokuwa navyo walivikodisha, wasiokuwa navyo waliuza mbuzi wakavinunue, na maduka ya Dar es Salaam yakapandisha bei kila ilipoingia meli. Kisha mkonge na mbata, nazi zetu kavu, vikakosa soko, harusi zikarudia ngoma, na vinanda vikabaki madukani vikila vumbi. Hapo ndipo baba yangu alipoingia biashara hiyo, wenzake walipokuwa wakitoka.

Alikuwa na hesabu yake, na siwezi kusema ilikuwa ya kijinga. Asinunue vyote kwa mkupuo. Bei ikishuka anunue kimoja. Ikishuka tena anunue kingine, ili hicho cha rahisi kifidie kile cha ghali. "Bei imelala tu," alimwambia mama. "Itaamka." Tatizo ni kwamba kila iliposhuka aliamini imefika chini, na kila alipoamini aliuza mnazi.

Kwetu mnazi una mwenyewe, hata kama ardhi ni ya mtu mwingine. Basi minazi ya kiwanjani petu ikahama mmoja mmoja bila kusogea hata shubiri. Nazi ikidondoka alfajiri, mama aliinuka kwa mazoea akaiokote, akafika mlangoni, akakumbuka si yake, akarudi kulala. Nilizichukia nazi zile. Baba naye nilimchukia siku nyingine, nikipita chumbani na kuviona vinanda vimefunikwa kanga za mama. Mara mojamoja chuma cha ndani kililegea chenyewe, kikatoa mlio mfupi kama mtu anayetaka kukohoa. Nilikuwa natoka mbio.

Ukabaki mnazi mmoja, nyuma ya jiko. Ulipandwa pale kilipozikwa kitovu cha kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama, aliyefariki kwa homa kabla mimi sijazaliwa. Nyumbani hatukuuita mnazi. Tulisema "kwa kaka": kaanike nguo kule kwa kaka, kamwage maji kwa kaka. Baba alikuwa ameapa kwamba huo hataugusa.

Siku moja akarudi kutoka Dar es Salaam macho yakimng'aa. Kuna mwenye duka anafunga, vinanda anavitoa kwa bei ya kuku. Safari hii, alisema, ndiyo chini yenyewe, hakuna pa kushuka tena. Kesho yake baba akaja na mnunuzi wa mnazi ule, mtu wa Miono aliyehamia mjini karibuni, pamoja na jirani mmoja wa kushuhudia. Mama alikuwa jikoni akikuna nazi ya kununua. Akaacha kukuna.

Mgeni akauzunguka mnazi, akaupapasa.

"Na huu ni wako, mzee?"

"Ni wa mwanangu," akasema baba.

Mgeni hakuwa na ubaya wowote. "Basi mwite, mzee wangu, atamke mwenyewe mbele ya shahidi. Nisije nikadaiwa baadaye."

Jirani akainamisha kichwa. Baba angeweza kueleza. Badala yake aligeukia nyumba akaita jina la kaka yangu, kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayemwita mtoto aje ale. Sikuwa nimewahi kulisikia jina lile likiitwa. Macho yangu yakaenda mlangoni.

Aliyetokea ni mama, machicha yamemganda mikononi.

"Mwambie mgeni, mtoto amelala," akasema.

Baba akakaa chini palepale, penye mizizi. Jirani akamshika mgeni mkono, wakaondoka taratibu bila kuaga. Baba hakununua tena kinanda.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bei iliamka kweli, kama alivyosema. Wakaja watu hadi barazani kwetu kuulizia vinanda, wakibishana kwa furaha nani ataanza kuchagua. Baba aliwaomba wapunguze sauti, kuna mtoto amelala.